Makosa Madogo ya Kalume Mangi

Kalume Mangi hakuwa mtu wa kukosea. Naanza na hilo kwa sababu watu wa ofisi za jirani wameshampa jina, wanamwita Mzee Rekebisha, nami kila nikilisikia natamani kumtupia mtu kiatu. Miaka kumi na tisa alibeba karatasi za wateja wetu kutoka Malindi hadi Mombasa, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kosa lake. Shahidi ni mimi, Abigael, niliyekaa meza inayotazamana na yake muda wote huo. Makosa aliyaanza ukubwani, kwa kusudi, na sababu yake naijua.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, hapo mjini Malindi. Mwenyewe ni Bwana Kombe, wakala wa forodha. Mtu akiwa na korosho, ufuta, embe zilizokaushwa au pilipili za kupeleka ng'ambo, na hajui aanzie wapi, huja kwetu nasi tukamtafutia vibali. Siku hizo kibali kilifuatwa kwa miguu, na miguu ilikuwa ya Kalume. Kila Jumanne na Alhamisi alitoka kwake Muyeye kabla hakujapambazuka, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, faili ya buluu kwapani. Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa kwenye jengo la madirisha kule Mombasa. Dirisha la kwanza unachukua fomu, la pili unalipia, la tatu wanathibitisha mzigo umetoka Kenya, la nne ukaguzi wa mimea, na kuendelea hivyo mpaka la saba. Kila dirisha na foleni yake, muhuri wake, na kisirani chake. Ofisa wa dirisha la sita akienda kunywa chai, watu wote walioko nyuma waliinywa naye kwa macho.

Mzigo wa pilipili uliweza kukaa siku nane ukingoja mihuri saba. Nasema wazi kwamba utaratibu ule ulikuwa mbovu, na aliyeufuta amefanya jambo jema. Sitaki mtu asome habari hii akadhani mimi naulilia muhuri.

Kalume yeye alizipenda safari zile, na kilichompendeza kilikuwa dirisha la nne. Hapo alikaa mkaguzi aitwaye Jedida Cherop, mwanamke wa Bomet, mrefu, miwani yake ameifunga kwa uzi shingoni. Sheria ilitaka kila mzigo uende na sampuli. Kalume alimpitishia pilipili kichaa, nyingi zikiwa za kijiji cha Adu huko kwetu, ndani ya bahasha ya kaki, naye Jedida huzimwaga juu ya karatasi nyeupe, akavunja moja kwa kucha, akatazama kama ina wadudu, akanusa. Kisha hupiga chafya tatu. Kila mara tatu. Kalume husema, "Afya, Madam," na yeye hufuta macho akajibu, "Hizi ni za Adu. Hizi hata siulizi." Alimfundisha kusema chamgei, ile salamu ya kwao, na Kalume akamfundisha salamu za Kigiriama. Watu wa nyuma wakianza kuguna, anagonga muhuri na kuita anayefuata.

Dakika nne, labda tano. Mara mbili kwa wiki, kwa miaka kumi na moja.

Haya yote niliyajua kwa sababu Jumatano na Ijumaa asubuhi nilisimuliwa, nitake nisitake. Nachapa barua, yeye anasema, "Jana Madam alisema kwao mvua imewakosa." Nachapa nyingine, anasema, "Madam amebadilisha miwani." Mke wa Kalume, Kadzo, alifariki kitambo, watoto wao wamekwisha kuoa na kuolewa. Jedida hakuwa na mume. Alikuwa amewalea watoto wa dada yake, nao wamekua wakaenda zao. Sasa mtu atuambie ni kitu gani kilichowazuia watu wazima wawili hawa.

Siku moja nilimuuliza. "Kalume, umeshamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mimi mjinga."

Akapangapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Nyuma yangu wapo watu arobaini wenye fomu, dada Abigael. Neno kama lile halisemwi kwenye foleni."

Zawadi pia haikuwezekana. Aliwahi kumpelekea embe moja, dodo zuri lililoiva, na Jedida akalirudisha kwa kidole chini ya kioo. "Ukinipa hili, Bwana Kalume, kesho siwezi kukugongea muhuri." Sheria ni sheria, wakala hampi ofisa kitu, wala ofisa hampi wakala nambari yake ya simu. Embe akalila mwenyewe njiani, akarudi na doa la njano kifuani. Tangu siku ile akaamua kumpa kitu ambacho mama yule angeweza kukipokea bila wasiwasi, nacho ni karatasi zisizo na kosa. Alizikagua mara tatu, akanipa mimi nizikague, kisha akazikagua tena. Hakuna mahali palipofutwa, hakuna sanduku lililoachwa wazi. Ndivyo barua zake za mapenzi zilivyokuwa, mtanisamehe, na zilihusu unyevu wa pilipili.

Kisha ukaja mfumo. Tulikuwa tumeambiwa kwa miaka kwamba madirisha yote yataingizwa ndani ya kompyuta, mtu aandike mara moja tu, na kila idara isome hapo hapo mezani pake. Tulipelekwa semina, tukapewa chai, sambusa na paswadi. Kalume alirudi akiusifu, lakini moyoni aliuona ni jambo la baadaye, la vijana. Halafu korona ikaingia. Jumanne moja ya mwezi wa tatu alikwenda na faili yake akakuta madirisha yamefungwa, na tangazo limebandikwa kwenye kioo kwamba maombi yote sasa yapelekwe kwenye mfumo. Alisimama mbele ya dirisha la nne mpaka askari akamuuliza kama amepoteza kitu.

Korona ilipopungua, madirisha hayakufunguliwa tena. Jengo lile sasa huingii bila miadi, na miadi huombwa kwa sababu ya kazi. Kalume hakuwa na sababu ya kazi, maana kazi ilikuwa inakwenda vizuri ajabu. Mzigo uliochukua siku nane ulichukua siku moja na nusu. Wateja walitupigia simu kutushukuru, kana kwamba sisi ndio tuliobuni. Bwana Kombe alinunua kiti kipya. Na Kalume, aliyekuwa akitembea kutwa, akaanza kunenepa kiunoni na kukonda usoni.

Alichobakiwa nacho ni mstari mmoja juu ya skrini. Ombi likishapita, kulia huandikwa: Imeidhinishwa, J. Cherop, na saa. Basi akaisoma ile saa kama watu wengine wanavyosoma gazeti. "Leo amewahi, saa moja na dakika arobaini." Au, "Hii ameipitisha saa saba na nusu, hakwenda kula." Jumatatu tatu mfululizo kibali kikaja adhuhuri, na Kalume akakosa raha, akasema lazima anahudhuria hospitali. Nilimwambia pengine mtandao wao uko chini. Nikaona mwenyewe nimesema upuuzi.

Kosa la kwanza lilikuwa la kweli. Aliandika magunia mia nne mahali palipotaka kilo mia nne. Ombi likarudishwa, limegeuka jekundu, na chini yake kwenye sanduku la maoni pameandikwa: "Bw. Kalume, Adu nzima imebaki na pilipili kweli? Rekebisha."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu madirisha yafungwe. Aliyachapa yale maneno kwa printa ya ofisi, akayakunja, akayatia kwenye droo.

Mwezi uliofuata nilimwona akituma fomu, na kipimo cha unyevu hakikujazwa. "Kalume, umeruka sanduku," nikamwambia.

"Najua," akasema, akabonyeza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nami nikanyamaza, na hilo sitalificha. Kosa dogo lilichelewesha mzigo nusu siku, halafu linarekebishwa, mambo yanaendelea. Nilijiambia nusu siku si kitu. Alikosea mara moja kila baada ya miezi miwili mitatu, kwa kipimo, kama mtu anayejua dawa. Mara aandike Adu iko kaunti ya Tana River badala ya Kilifi, na jibu lije, "Tangu lini?" Mara asahau tarehe ya mavuno. Mwezi wa pili mwaka huu alipokea jibu refu kuliko yote: "Umekosea tena. Umechoka? Pole sana. Pumzika kidogo, kisha urekebishe." Siku hiyo ofisi nzima tulikula mahamri na mbaazi kwa gharama yake.

Nilimwuliza mwisho wa mchezo huo ni nini. Hakunionea haya. "Nataka nimwone mara moja tu, dada. Ana kwa ana. Nimuulize kama atakubali nimtembelee nyumbani kwake, kama mtu, si kama wakala. Swali moja. Hata akikataa, nitakuwa nimeuliza."

Sasa, mfumo hauna chuki na mtu, lakini una hesabu. Sisi tuliona kosa dogo hapa na kosa dogo kule, na wenyewe ukaona wakala anayekosea kwa mpango, ukajiuliza anaficha nini. Jumatano moja ya mwezi wa sita Bwana Kombe akasoma ujumbe, akasimama kutoka kwenye kile kiti chake kipya. Ofisi yetu imewekwa kwenye orodha nyekundu. Kila mzigo wetu utafunguliwa na kukaguliwa gunia kwa gunia, mpaka tupeleke maombi matatu mfululizo yasiyo na kosa.

Na siku hiyo hiyo kontena la Zipporah lilikuwa njiani kwenda bandarini.

Zipporah ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Adu, akina mama thelathini. Miaka yote pilipili zao zilikwenda ndani ya kontena la pamoja na za wengine. Hii ilikuwa mara yao ya kwanza kujaza kontena zima kwa jina lao, kwenda Ujerumani, na meli ilikuwa inaondoka Jumamosi. Mnunuzi alishasema mzigo ukikosa meli hiyo, atachukua kwingine na asitafutwe tena. Alhamisi asubuhi Zipporah alikuwa ofisini kwetu, leso mbili kiunoni, hajanywa hata maji.

"Nani amekuwa akijaza fomu hizi?" Bwana Kombe alifoka. "Makosa kumi na manne! Wakala gani anakosea kumi na manne?"

Kalume akainuka. "Ni mimi, bwana. Na si kwa kutojua."

"Sasa kwa nini?"

Zipporah akamgeukia polepole.

"Kalume," akasema, "pilipili hizi nimezianika miezi mitatu. Macho haya yamewasha mpaka wajukuu wangu wakaambiana bibi analia kila siku. Kama una kinyongo nami, ungekuja Adu ukaniambia."

"Sina kinyongo nawe, mama."

"Basi una shida na nani?"

Alitazama sakafu. Neno lilinifika mimi mdomoni, nikalimeza, kwa kuwa halikuwa langu. Bwana Kombe akasema mambo ya kufukuzana yataongelewa mzigo ukishapanda meli. Ukaguzi ni Ijumaa asubuhi, na sheria yataka wakala awepo magunia yakifunguliwa. Kalume ataenda, na Abigael aende naye amchunge.

Ijumaa nikamkuta amepiga pasi. Shati jeupe limenyooka mpaka kola inakata, nywele amenyoa, na amejipaka mafuta. Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau kumsalimia.

"Akina mama wa Adu hawakulala," nilimwambia, "na wewe umejitengeneza kama bwana harusi!"

"Nina haya, dada Abigael. Nina haya hata ya kutembea." Kisha, kwa sauti ndogo, "Lakini leo nitamwona."

Tukaondoka. Njia nzima midomo ilimchezacheza, na mimi nilijua anafanyia mazoezi lile swali.

Uwanja wa ukaguzi hauna kivuli. Kontena letu lilikuwa limeshafunguliwa, vibarua wanashusha magunia, na harufu ya pilipili ilikuwa imewafikia hata watu wa lango. Mkaguzi akaja na tableti mkononi, kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, akajitambulisha kuwa anaitwa Njoroge. Kalume alimpa mkono huku akitazama nyuma yake.

"Madam Cherop anakuja?"

"Madam Cherop?" Njoroge alishangaa. "Alihamishwa, mzee. Tangu Disemba yuko Namanga, pale mpakani, ambapo Kenya na Tanzania sasa wanakagua chini ya paa moja. Walimtaka awafundishe wenzake mfumo."

"Lakini jina lake liko kwenye vibali. Mpaka wiki iliyopita."

"Hilo ni jina la meza. Nimeomba libadilishwe mara tatu, bado. Anayepitisha ni mimi."

Kalume akaniangalia, kisha akamwangalia tena yule kijana. "Na maoni? Yale yanayoandikwa chini?"

Njoroge akatabasamu. Ni mtu mwema, hakujua anagusa wapi. "Kumbe wewe ndiye Kalume wa Malindi! Madam aliniachia maagizo juu yako. Aliniambia, kuna mzee wa Malindi, akikosea usimkaripie, mjibu kama mtu. Ndiyo maana nikakuandikia upumzike. Nilidhani labda u mgonjwa."

Nikakumbuka mahamri tuliyokula mwezi wa pili. Kalume alitoa kitambaa akajifuta shingo, akakikunja, akakirudisha mfukoni, akakitoa tena.

"Aliniambia pia kwamba alikuandikia kabla hajaondoka," Njoroge akaongeza, "na kwamba hukumjibu."

"Hakuniandikia."

"Alisema alikuandikia, kwenye mfumo."

Nilikuwa na kompyuta ya ofisi begani. Nikaiweka juu ya gunia, nikafungua maombi yote yaliyorudishwa tangu mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Yalikuwa mawili, na maoni yake tuliyafahamu kwa moyo. Hakuna kingine.

"Angalia na yale yaliyopita," Njoroge akasema. "Sanduku la maoni lipo hata kwenye yaliyopita."

Sisi hatukuwahi kufungua ombi lililopita, hata moja. Ombi likikubaliwa hugeuka kijani, unachapa kibali, nalo linaingia kwenye kumbukumbu. Nani afukue kilichokwisha? Ni chekundu tu ndicho tulichokisoma, kwa kuwa ndicho chenye kazi.

Novemba, kati ya mizigo iliyopita bila kosa, ulikuwamo mmoja wa embe kavu za Zipporah huyu huyu. Kalume aliujaza vizuri kwa sababu embe zilikuwa zimekaa sana na hakutaka kuzichelewesha. Nikaufungua. Maoni yalikuwapo, ya Jumatatu tarehe ishirini, na yalisema:

"Bw. Kalume, huu hauna kosa hata moja, kama zamani. Nimehamishwa, naondoka wiki ijayo. Ijumaa hii jioni nitakuwa nje ya lango letu mpaka saa kumi na moja. Njoo, hata kama huna karatasi. Jedida."

Alisoma akiwa ameinama, mikono magotini. Alipomaliza alisoma tena. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea siku hiyo, na badala yake nikajikuta nimemshika bega, nalia kweli, na pilipili zikanipa kisingizio.

Miezi saba. Na katika miezi ile saba huyu mtu alikuwa akikosea kwa bidii ili apate neno lake, na neno lake limelala kwenye karatasi iliyo safi.

Magunia yalipita. Njoroge alipekua yote, akapima unyevu, akasema hajaona pilipili safi kama zile, akatia kidole kwenye tableti, na kontena likafungwa kabla ya adhuhuri. Nilimpigia Zipporah, akapiga kigelegele hata wapita njia wa Adu wakajua. Kisha Njoroge akamvuta Kalume pembeni. Akaandika nambari kwenye kipande cha karatasi. "Sasa hayuko kituo hiki," akasema, "na hakagui mizigo yenu. Sioni sheria inayonizuia."

Kalume alipiga pale pale. Mashine za kupakia zilikuwa zinanguruma, ikabidi aweke sauti kubwa, ndiyo maana nilisikia.

"Halo, nani?"

"Chamgei, Madam. Ni Kalume. Wa Malindi."

Zilisikika honi za malori, na mtu akiita kwa mbali. Kisha sauti ikarudi, imeshuka. "Kalume wa pilipili."

"Ndiyo, Madam."

"Nilikaa pale langoni mpaka saa kumi na mbili, Kalume. Saa nzima zaidi ya ile niliyokuambia."

"Nimeyasoma leo. Sasa hivi. Sikujua kwamba yaliyopita nayo yana maneno."

Nadhani alicheka, au alivuta pumzi, sikuweza kujua. "Mimi niliuchagua ule kwa makusudi. Nikasema, usio na kosa ndio atakaoutunza. Basi nikachukua kimya chako kuwa ndilo jibu. Nikajiambia, Jedida, wewe ni mtu mzima, funga mizigo uende."

Kalume alifungua mdomo. Nilimwonyesha kwa mikono yote miwili, sema, sema sasa.

"Mbona hukuniuliza dirishani?" Jedida akasema. "Miaka kumi na moja."

"Kulikuwa na foleni, Madam."

"Foleni haikosekani, Kalume. Hata sasa nina malori thelathini mbele yangu na madereva wananitolea macho."

"Basi nisikucheleweshe," akasema Kalume.

Ndivyo alivyosema, naapa kwa Mungu. Upande wa pili hakukujibiwa kitu kwa muda, kama vile anangojwa. Kisha simu ikakatika.

Nilimfokea pale pale uwanjani, mbele ya vibarua. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa na mume wangu ayasome. "Swali moja! Ulisema swali moja! Mbona hukuuliza?"

"Umesikia mwenyewe," akanijibu. "Ana foleni."

Pilipili ziliondoka Jumamosi, na mnunuzi wa Ujerumani ameagiza kontena la pili. Bwana Kombe hakumfukuza Kalume. Alimkata mshahara wa wiki mbili, akamrudishia meza yake, kwa sababu hakuna mwingine anayejaza fomu kama yeye akiamua. Maombi matatu yakapita bila doa, tukatolewa kwenye orodha nyekundu. Jina la meza nalo hatimaye limebadilishwa. Kibali kikija sasa kimeandikwa P. Njoroge, na Kalume haangalii ile saa.

Hakosei tena. Mimi ndiye ninayefungua yaliyopita siku hizi, moja baada ya jingine, mpaka yale ya mwaka wa korona, kama kuna neno jingine lililosahaulika. Hakuna. Nimemwambia mara ngapi kwamba Namanga si mwezini, kuna basi la kwenda, nauli nitamkopesha. Anasema Jedida alimwomba Ijumaa moja tu, na ile Ijumaa yeye alikuwa Muyeye anapaka rangi mlango.

Ijumaa kazi yetu huisha saa nane mchana, mfumo umetuzoesha raha. Wote tunaondoka, na Kalume hubaki, namwachia ufunguo. Juzi nilirudi kuchukua mwavuli wangu nikamkuta amekaa wima, shati jeupe, simu iko mezani mbele yake na jina la Jedida liko juu ya kioo. Nilimuuliza anangoja nini.

"Saa hizi malori huwa mengi," akasema. "Nitampigia foleni ikipungua."